Kioo Kilichovuka Mpaka

Mtu aliyetengeneza vioo vya kugusa vingi kuliko yeyote mjini Bwera alikuwa na vidole ambavyo vioo havikuvisikia. Miaka yake ya kiwanda cha saruji ilivikausha vikawa kama vipande vya kuni, na kioo cha tableti kinataka ngozi yenye unyevu kidogo ndipo kijue kimeguswa. Kwa hiyo kila alipomaliza kazi alichovya kidole kwenye chai yake, akagusa, akangoja. Kikikataa, alijaribu kifundo cha kidole. Kikikataa tena, aliinama taratibu, kwa heshima zote, akakigusa kwa pua. Watu walisimama mlangoni kungojea hatua hiyo ya pua, na najua wengi wao hawakuwa na kitu cha kutengeneza.

Sote tulimwita Afande. Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni ya duka, ukutani, nyuma ya kalenda, na sikumbuki mtu aliyewahi kuinua kalenda.

Mwezi uliopita nilikuwa Kikorongo, nikipakia na kupakua malori pale njia panda, Masika, dada yake Afande, aliponipigia simu. Tulikuwa hatujazungumza kwa miaka mitatu. Aliniambia Afande amepigwa na kiharusi: upande wa kulia umelala na mdomo umefunga. Alikuwa akiongea kwa tableti, anagusa picha na tableti inamsemea. Halafu tableti ikaganda. Masika akaipeleka kwa mtu mmoja sokoni, yule mtu akaifuta yote na kuiwekea upya mfumo na zile picha, na tangu hapo haisikii kidole cha mtu yeyote.

"Kichwa iko muzima," Masika alisema. "Anasikia yote, anajua yote, lakini hana njia ya kuitoa nje. Siku tisa sasa. Ananiangalia tu, mimi nabahatisha. Nikileta uji, alikuwa anataka dirisha. Nikifungua dirisha, alikuwa anataka uji. Wewe ndiye mutu anajua mashini zake. Kuya."

Nilimwambia nitafika kesho. Kisha nikaketi juu ya gunia na simu mkononi, nikaanza kumkumbuka Afande kuanzia kwenye pua kwenda chini.

Jeshini alifanya nini hasa, hakuna aliyejua. Yeye alisema alikuwa upande wa redio. Mwenye duka la jirani, aliyeuza godoro na maneno, alisema alikuwa upande wa viazi, akimenya. Nilimuuliza siku moja kama ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Redio iko na nidhamu. Viazi iko na nidhamu. Wewe ndiye hauna." Hapo mazungumzo yakaisha, na mpaka leo sijui.

Nidhamu aliipenda kwa maneno zaidi kuliko kwa vitendo. Alifungua duka muda wowote aliojisikia. Meza yake ilikuwa rundo la skrubu, nyaya na maganda ya karanga, na mara moja nilikuta ganda la karanga ndani ya kompyuta aliyokuwa ameifunga mwenyewe kwa fahari. Lakini kila asubuhi, kabla sijaweka mfuko chini, alinyoosha kidole kavu na kuamuru, "Ripoti!"

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kupita. Nimechimba chumvi, nimekaanga chapati, nimefuata magari. Kwa Afande niliingia kuchaji simu, nikakaa karibu miaka miwili, kwa sababu nilimwona akiandika maneno meupe kwenye kioo cheusi na kioo kikamjibu. Nilitaka kujua walikuwa wakiambiana nini. Aliniita Kuruta tangu siku ile, na ripoti ya kuruta ilikuwa hivi: umetoka wapi, umeona nini, umekosea nini. Hilo la tatu ndilo alilolipenda. Kama ulisema hujakosea kitu, alikurudisha nje uingie upya.

Mashine nazo zilitoa ripoti. Afande alinunua tableti na kompyuta zilizochoka huko Kasese, mji aliouchukia kwa joto lake na aliouendea kila mwezi bila kukosa. Alizifuta, akaziwekea Linux, mfumo huria ambao mtu yeyote anaweza kuuchukua na kuufungua uone ndani yake kuna nini. Maneno hayo, "uone ndani yake", aliyasema kama wengine wanavyotaja nyama choma. Mfumo ukishawaka aliuamuru utoe orodha ya yote uliyoyafanya tangu kuamka: nimepata betri, nimepata kamera, nimetafuta faili la kioo sikulipata, kosa namba hasi mbili.

"Soma, Kuruta."

"Hasi mbili, Afande."

"Hasi mbili ni ugonjwa gani?"

"Siyo ugonjwa, Afande. Ni kupotea njia."

"Nani amepotea?"

"Dereva yupo. Ramani haipo."

Hayo alinifundisha mwenyewe, na sijasikia mtu akiyaeleza vizuri zaidi. Ndani ya mfumo kuna programu inayoendesha kioo, nayo watu huiita dereva. Lakini vioo vingi vya bei nafuu havina akili vyenyewe. Kila tableti inapoamka, dereva lazima akipe kioo faili dogo linalokieleza kina upana gani na mguso unasomwaje. Wenye vitabu huliita firmware. Afande aliliita ramani. Faili hilo linakuja limefichwa ndani ya mfumo wa kwanza, ule wa kiwandani, na ukiufuta kabla hujalitoa, umebaki na dereva hodari asiyejua hata mlango wa gereji.

Ndiyo maana ubaoni juu ya meza aliandika kwa chaki: NAKILI KWANZA, USHUJAA BAADAYE. Kila tableti aliyotaka kuifuta alitoa ramani yake kwanza, akaiweka kwenye flashi, akafunga flashi kwa utepe wenye jina, akaitupa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Majina aliyaandika mwenyewe, na mkono wake wa kulia uliandika kama mkono wa kushoto wa mtu mwingine. "Nesi Kyondo" ilisomeka kama "Nyoka Kondoo". Nilimcheka miaka miwili kwa sababu ya kopo lile. Nilimwambia anakusanya flashi kama bibi anayekusanya vifungo.

Lakini kitu kilichofanya Bwera nzima imjue ni neno moja.

Mpaka wa Mpondwe uko hapo chini tu. Upande wetu gari hukaa kushoto, upande wa Kongo gari hukaa kulia, na pale katikati kila dereva anahama, wengine kwa utulivu na wengine kwa matusi. Sasa kuna ugonjwa wa vioo ambapo ramani ipo, dereva yupo, lakini unagusa kushoto na kinachoitika kiko kulia. Unabonyeza kufunga, inafungua. Mara ya kwanza nilipouona nilidhani tableti imerogwa. Afande aligusa kwa kidole cha chai, akagusa tena upande wa pili, akaegemea kiti.

"Hii imevuka mpaka," alisema.

Tangu hapo neno likaenda sokoni. Mume aliyevaa shati ndani nje aliambiwa na mkewe kwamba amevuka mpaka. Padri alipotaja siku ya Jumapili tangazo la Jumapili iliyopita, mtu wa nyuma alinong'ona neno hilo hilo, na benchi zima likatikisika. Afande hakulidai kuwa lake. Alijifanya halisikii, ila nilimwona akipita polepole mahali linaposemwa.

Dawa yake ilikuwa namba sita unazoziandika kwenye faili la mipangilio ili mfumo ugeuze kushoto na kulia. Hakuziandika popote, mtu wa NAKILI KWANZA. Alizijua kichwani na kuziimba kama kwata, akipiga mguu chini ya meza, hata maganda ya karanga yakaruka. Alinikataza kuziandika. "Namba sita tu! Kichwa yako ni ya nini, ya kubeba kofia?" Nami sikuwa na kofia.

Kosa langu kubwa nililifanya kwa Madame. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, upande wa Kongo, mnene, mcheshi, Mkatoliki wa kila misa, na alionyesha wateja mitindo kwenye tableti yake. Afande alinunua tableti tatu za namna moja Kasese, kutoka katoni moja: moja akamuuzia Madame, moja katekista wa Kyarumba, ya tatu akabaki nayo. Madame alirudi akilalamika.

"Afande, tablette yangu inatembea kama mutu mugonjwa. Ulimwekea nini?"

"Sikuweka kitu. Hii ni mfumo ya kiwanda."

"Basi weka ile yako ya bure. Na mimi niko mutu wa bure."

Afande akatoka kununua karanga, akaniachia. Nilitaka arudi akute imekwisha. Nikaifuta safi, nikaweka Linux, ikawaka kwa dakika chache, nzuri kama harusi. Nikagusa. Kimya. Nikaamuru ripoti. Hasi mbili. Nikatazama kopo la maziwa, na ndipo nilipokumbuka ubao uliokuwa juu ya kichwa changu muda wote huo.

Afande aliporudi hakupiga kelele. Alisoma ripoti, akala karanga tatu, akamwambia Madame kwa sauti ya chini kwamba duka lake limekosea na atarudishiwa kitu chake kikiwa kizima. Kisha akanigeukia. "Katekista iko Kyarumba. Tableti yake haijafutwa. Yangu pia, lakini yangu haina mlima. Panda."

Katekista alikuwa amekataa mfumo mpya kwa sababu alipenda ua lililokuja kwenye kioo. Ua hilo likanipandisha mlima. Lakini nyumba yake iko juu, kule ambako gari halifiki, kwenye kijia kilichosimama kama ngazi, na Afande alisisitiza nibebe kompyuta yake nzito ya mezani badala ya ile ndogo. Nilipanda nikiwa nimeiweka kichwani. Mama mmoja mwenye gunia la kahawa kichwani alinipita, akasimama, akanitazama.

"Uko mgonjwa?" akauliza.

"Hapana, mama. Natafuta ramani."

"Njia iko moja," alisema, akaendelea kupanda.

Niliirudisha ramani ile Bwera siku ya pili. Kioo cha Madame kikaamka, kimevuka mpaka, Afande akaimba namba zake sita, kikarudi nyumbani. Madame akacheka mpaka akakaa. Afande akachukua flashi yangu, akaifunga utepe, akaandika neno moja, akaitupa ndani ya kopo. Sikujaribu kulisoma.

Hakulitaja kosa lile tena, na hilo ndilo lililonishinda. Nilikuwa nimezoea kufukuzwa mahali, na hapo nikaona kwamba kwa mtu huyu sitafukuzwa kamwe. Miguu yangu ikaanza kuwasha. Asubuhi moja lori la maharage lilisimama mbele ya duka, dereva akasema kuna nafasi juu, nikapanda. Sikumwambia Afande. Kutoka juu ya maharage niliona mlango wake bado umefungwa, nikajiambia kosa ni lake, angefungua mapema ningeaga.

Basi nikafika Bwera, saa tatu asubuhi. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa shati lililofungwa vifungo vyote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na mikono miwili. Mkono wa kulia ulilala pajani. Alinitazama muda mrefu, sikujua pa kuweka macho, nikayaweka kwenye tableti. Ilikuwa ile ya tatu, ya katoni moja na ya Madame.

"Nimejaribu karatasi," Masika alisema, akanionyesha. Kwa mkono wa kushoto Afande alikuwa ameandika kitu kama mchwa waliokanyagwa. "Nilipeleka kwa mwalimu. Mwalimu alisema labda ni Kiarabu."

Afande alifumba macho kwa uchovu.

Nilichomeka kibodi yenye tundu la flashi ubavuni. Kwa kibodi angeweza kuchapa, lakini tableti ina tundu moja tu: ukiweka kibodi huwezi kuchaji, na betri yake haimalizi hata saa moja. Isitoshe, Masika hasomi. Anahitaji picha ziguswe na mashine iseme. Nikaamuru ripoti. Hasi mbili.

"Amepotea njia," nilisema. Afande akafumbua macho.

Kopo lilikuwa pale pale, juu ya kabati. Nikamwaga flashi kitandani, nikaanza kutafuta iliyoandikwa jina lake. Nyoka Kondoo. Padri. Duka la Dawa. Yake haikuwepo. Nikazipanga, nikazitazama mara ya pili, ya tatu. Mtu aliyenakili ramani za milima yote hakunakili ya kwake. Nikamgeukia. "Afande, ya kwako iko wapi?"

Akanitazama kama alivyonitazama siku zile niliposema sijakosea kitu.

Ndipo nikaelewa. Alipoiwekea tableti yake mfumo huria hakuwa na haja ya kutoa ramani. Alikuwa nayo tayari, ile niliyoitoa kwenye tableti ya katekista, ya katoni hiyo hiyo. Nikazigeuza tena flashi moja moja mpaka nikaipata yenye mwandiko ule mbaya, herufi sita: ADHABU.

"Hii nilibeba kichwani," nilimwambia Masika.

Nikanakili ramani mahali pake, nikaizima tableti, nikaiwasha. Picha zikajipanga: maji, uji, dirisha, maumivu, baridi. Masika, aliyekuwa hajapumua, akagusa maji yaliyokuwa upande wa kushoto. Picha ya upande wa kulia ikaitika, na sauti ya kiume, yenye Kiswahili laini cha pwani, ikasema: "Ninahisi baridi. Tafadhali nifunike."

"Yesu," Masika alisema. "Imevuka mpaka."

Kwenye kiti kitu kilitoa sauti kama pampu ya baiskeli. Afande alikuwa akicheka, kwa nusu ya mdomo aliyobakiwa nayo, mpaka chozi likamtoka.

Nikafungua faili la mipangilio ili niandike namba sita, na kichwa changu kikawa cheupe. Moja na sifuri zilikuwemo, hilo nililijua, na hasi mahali fulani. Miaka mitatu ya malori ilikuwa imezifuta safi bila kunakili. Nilikaa nimeinamisha uso juu ya kibodi, nikiona aibu hata kusema.

Kisha nikasikia kubisha. Mkono wa kushoto wa Afande ulikuwa kwenye mbao ya kiti. Alitikisa kichwa kukataa, halafu akabisha mara moja.

"Hasi moja," nilisema.

Akafumba ngumi, akaniinulia. Duara.

"Sifuri."

Akabisha. Moja. Kisha akapumzika, kama alivyopumzika zamani katikati ya wimbo. Ngumi. Kubisha. Ngumi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukipiga chini, pole pole, kwata yake ile ile.

"Hasi moja, sifuri, moja," nilisoma. "Sifuri, moja, sifuri. Sawa, Afande?"

Alifunga macho mara moja. Sawa.

Nikaiwasha upya, nikachomoa kibodi, nikamwekea tableti pajani. Alinyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akagusa. Kimya. Kidole kile nacho kilikuwa cha saruji. Akageuza kifundo, akagusa tena.

"Naomba maji, tafadhali," mashine ilisema.

Masika akapiga makofi. "Unasikia? Maisha yote hakuna siku huyu mutu alisema tafadhali! Hiyo mashini isikufe kabisa!" Akakimbia, akarudi na kikombe, akamwelekezea mdomoni.

Afande akageuza uso. Aliushika mkono wa dada yake, akaushusha pamoja na kikombe mpaka kwenye paja, akachovya kidole ndani ya maji. Kisha akafungua ukurasa wa herufi, ule usio na picha wala adabu, akaanza kugusa moja moja, akirudi kuchovya kila herufi ya pili. Masika alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshaiona R, nikajua.

"Ripoti," mashine ilisema, kwa upole wote wa pwani.

Nikasimama. Nikaunganisha visigino, kuruta mwenye mvi mbili tatu, nikanyoosha mikono.

"Afande. Jana nilitoka Kikorongo, nimeona malori ya—"

Alitikisa kichwa. Akachovya kidole, akagusa, akachovya tena. Maji yalidondoka kwenye kioo na Masika akayafuta kwa ncha ya kitenge, haraka, ili asimkatishe.

"Mwanzo," mashine ilisema.

Masika akavuta kigoda, akakaa kusikiliza. Nikavuta pumzi, nikaanza na lori la maharage.